Usikipinde Kifaru: kwa Wanaokufa Mapema na IS-3

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na kila anayeliuliza huamini limemkuta yeye peke yake. "Kaka, nimesota miezi mpaka nimeipata IS-3 kwenye World of Tanks. Niliambiwa ni chuma. Mbona nakufa dakika ya tatu?" Mwingine huongeza kwamba makombora yanampita kama kisu kwenye papai bivu.

Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, basi leo nawajibu wote kwa mpigo. Ninayozungumzia ni IS-3 ya mchezo wa kompyuta, daraja la 8, ikiwa imeshafungwa mzinga wake wa mwisho, BL-9 wa milimita 122. Namba nitakazotaja zinaweza kusogezwa na toleo jipya la mchezo, kwa hiyo zilinganishe na zilizo kwenye garaji lako. Tabia ya kifaru chenyewe haijabadilika tangu nikijue.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote, jibu ni hili: unakipinda. Acha kukipinda.

## Pua, na kosa linaloua wengi

Wengi hufika kwenye IS-3 wakitokea kwenye vifaru vya sanduku. Chukua Tiger I ya daraja la 7. Uso wake ni bapa, milimita 100, umesimama wima kama ukuta. Ukimtazama adui uso kwa uso umekwisha. Lazima ukigeuze kidogo, kona ya mwili ndiyo imwelekee, ili kombora likute bamba kwa mshazari na liwe na chuma kingi zaidi cha kupita. Ukipinda Tiger vizuri, hata mizinga mikubwa hudunda. Ndivyo kila mtu anavyofundishwa, na kwa Tiger ni sahihi kabisa.

IS-3 haina uso bapa. Mabamba mawili ya milimita 110 yamekutana katikati na kufanya ncha, kama omo ya jahazi. Warusi waliifananisha na pua ya paiki, samaki wa mito ya kwao mwenye mdomo uliochongoka. Kila bamba limelala kwa nyuma, na wakati huohuo limekimbilia pembeni. Yaani ule mpindo uliozoea kuufanya mwenyewe kwa kugeuza kifaru, hapa kiwanda kimeshakufanyia. Ukikipinda tena, bamba moja linazidi kukimbia, sawa, lakini la pili linageuka na kumtazama adui barabara.

Kama huamini, chukua kadi ngumu. Ya mwaliko wa harusi inafaa sana. Ikunje katikati, isimamishe mezani, mgongo wa mkunjo ukikutazama. Hayo ndiyo mabamba yako mawili, yote yanakukwepa. Sasa izungushe kidogo tu kwenda kulia. Ukurasa mmoja unapotea machoni, wa pili unajitandaza mbele yako. Hivyo ndivyo anavyoona mwenye mzinga upande wa pili.

Mimi somo hili nililipata kwenye ramani ya Himmelsdorf, kando ya reli. Nilikuwa na IS-3 mpya, nikaegesha karibu na behewa, nikakipinda kwa madaha kama nilivyozoea Tiger. Mbele yangu Tiger II, mita mia moja hivi, wala hakuwa na haraka. Kombora la kwanza likaingia, nikasema bahati yake. La pili likaingia, nikakipinda zaidi. Sasa hapo ndipo ujinga ulipokamilika, maana kila nilivyoona naumia ndivyo nilivyozidi kugeuza. La tatu, la nne, kila moja likinichuna pointi zipatazo 320. La tano likanirudisha garaji. Yeye nilimpiga mara moja tu.

Basi shika haya:

- Adui mmoja mbele: pua imwelekee yeye, mstari mmoja na mzinga. Ukigeuza kichwa cha kifaru kumfuata, geuza na mwili.
- Maadui wawili waliotengana: huwezi kuwatazama wote. Mmoja kati yao lazima aone bamba limefunguka. Rudi nyuma mpaka jengo au mwamba umzibe mmoja, ndipo upambane na aliyebaki.
- Kurudi nyuma: rudi kwa mstari ulionyooka. Anayegeuza kifaru ili akimbie vizuri anaonyesha pua iliyopinda kwanza, kisha ubavu, kisha mkia. Mara nyingi hafiki kwenye mkia.
- Adui aliye juu mlimani: kwake mlalo wa pua yako umepungua, na paa lako analiona. Usibishane naye kutoka bondeni.
- Wewe unapopanda tuta: pua inainuka na bamba la chini ya pua linajitokeza. Hapo ndipo kila mwenye akili analenga.

Ardhi tambarare ndiyo rafiki wa IS-3, na kifusi kidogo mbele cha kuficha bamba la chini kikipatikana, mshukuru Mungu.

## Unachopewa

Kabla sijakutisha zaidi, nikupe sababu za kukipenda.

- Kipigo. Kombora moja la BL-9 lina wastani wa pointi 390. Adui anayekupiga kwa 240 au 320 anahitaji kujitokeza mara nyingi kuliko wewe ili mlingane. Katika mchezo wa kuchungulia na kujificha, hii ni hazina.
- Kichwa. Kichwa chake ni cha mviringo, kama bakuli lililofunikwa. Makombora mengi yanayolenga uso wake yanadunda hata pale ambapo mpigaji alikuwa na haki ya kupenya.
- Kimo kifupi. Kwa kifaru kizito, IS-3 ni mbilikimo. Inajificha nyuma ya vifusi na magari yaliyoungua ambayo hayamfuniki mwenzako wa Ujerumani hata kiunoni.
- Miguu. Kasi ya juu ni kilomita 38 kwa saa, na inafika kwenye mapambano mapema kuliko vifaru vizito vingi. Maana yake unachagua kona yako kabla ya adui kuchagua yake.
- Mbavu za juu. Nyuma ya bamba jembamba la nje kuna uwazi, kisha bamba nene lililoinama kwa ndani. Kombora linalokuja kwa mshazari hupotelea humo.

## Unachonyimwa

Paa la kichwa ni jembamba, milimita 20. Mchezo una kanuni moja ambayo kila mwenye IS-3 anapaswa kuijua: kipenyo cha kombora kikizidi unene wa bamba zaidi ya mara 3, kombora halidundi, hata likija limelala kiasi gani. Zidisha: 20 mara 3 ni 60. Katika mechi za daraja la 8 ni vigumu kumkuta mtu mwenye mzinga mwembamba kuliko huo. Kwa hiyo ukanda ule mwembamba wa paa unaoonekana juu ya uso wa kichwa ni mlango uliofunguliwa. Kinachokulinda ni udogo wake tu, na mwendo wako. Ukisimama tuli, mwenye subira ataupata.

Hii pia ndiyo sababu ya kutomsogelea adui mrefu mpaka mkagusana. Wapo wanaoamini kumbana mtu kifua kwa kifua ni ujanja. Ukimbana E 100, yeye anakuona kwa juu kama mtu anayechungulia sufuria. Paa lote ni lake.

Mzinga hauinami. Unashuka nyuzi chache tu chini, hazizidi 6, wakati T32 ya Marekani inashuka nyuzi 10. Kwenye vilima vya Prokhorovka utaliona hilo kwa machozi: mwenzako wa Marekani anachomoza kipara tu, anapiga, anarudi. Wewe ili umwone kwenye darubini lazima utoe mwili mzima juu ya tuta, na bamba la chini likiwa limemtazama.

Kulenga ni kwa taratibu, na duara la shabaha ni pana. Kupakia kunachukua zaidi ya sekunde 10. Kifaru halisi kilikuwa na tatizo hilohilo: kombora la milimita 122 lilikuja vipande viwili, risasi mbali na baruti mbali, na mpakiaji alikuwa amebanwa ndani ya kile kichwa kizuri cha mviringo. Kilipopita mbele ya wakubwa wa Magharibi kwenye gwaride la Berlin, tarehe 7 Septemba 1945, pua yake iliwashtua. Lakini vitani Sinai, mwaka 1967, jeshi la Misri lilizipoteza nyingi. Umbo zuri haliharakishi mpakiaji.

Na mengine kwa ufupi:

- Makombora ni 28 tu. Hakuna ya kuchezea.
- Macho yake ni mita 350, na mchezo unaruhusu hadi 445. Wengine watakuona kabla hujawaona.
- Hifadhi ya makombora ikipigwa, upakiaji unadorora. Ikilipuka, umekwenda wewe na kichwa chako kimerushwa hewani.

## Kupiga bila kulaani mchezo

Malalamiko ya pili kwa wingi ni haya: "Nalenga katikati kabisa, kombora linaenda mawinguni." Ndugu yangu, ulilenga kwa muda gani?

Duara la shabaha linapanuka ukitembea, ukigeuza mwili, ukigeuza kichwa. BL-9 bila vifaa vya ziada inahitaji karibu sekunde 3 duara litulie. Fuata utaratibu huu mpaka uwe mazoea:

1. Kabla hujatokeza, elekeza mtutu mahali unapotarajia adui awe. Ukitaka kuangalia kwingine, shikilia kitufe cha kulia cha kipanya, macho yazunguke na kichwa kibaki.
2. Tokeza kwa mstari ulionyooka, simama.
3. Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili. Mlengwa akiwa mbali, ongeza tatu.
4. Piga, na kidole cha kurudi nyuma kiwe kimeshabonyeza kabla hujaona matokeo.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda watu. Wanabaki kutazama kama kombora limeingia. Limeingia au halijaingia, una sekunde zaidi ya 10 za kukaa mikono mitupu. Zikae nyuma ya ukuta.

Kuhusu kupenya, kombora la kawaida la BL-9 lina wastani wa milimita 225, na lile la kiini kigumu, ambalo vijana bado wanaliita "la dhahabu" ijapokuwa siku hizi linanunuliwa kwa fedha ya kawaida ya mchezo, lina 265. Lakini mchezo unapiga kete kwa kila kombora, asilimia 25 juu au chini. Hiyo 225 yako inaweza kutoka 169, inaweza kutoka 281. Kipigo nacho hivyohivyo, kati ya 293 na 487 hivi. Ukijua hili hutamtukana mtu kombora likidunda mahali ambapo jana lilipita.

Usitumie kufuli la shabaha la moja kwa moja kwa adui aliye mbali. Linalenga kitovu cha kifaru, na kitovu mara nyingi ndipo deraya ilipo nene. Kazi yake ni moja: adui amekubana karibu, mnazungukana, na ubavu wake uko wazi.

## Kona: toka kwa mkia

Mjini ndiko IS-3 inakolipa, lakini tatizo la pua linarudi. Ukitokeza kwenye kona kwa pua, kitu cha kwanza adui anachokiona ni ubavu wa mbele umefunguka. Wenye masanduku hutatua hili kwa kuficha uso ukutani na kurudi nyuma kidogo, ubavu uonekane kwa mshazari mkali. Kwa IS-3 kichwa kimekaa mbele, hivyo ukifanya hivyo lazima urudi sana ndipo mzinga uone barabara. Geuza mambo:

1. Egesha kifaru nyuma ya jengo, mkia ukiwa upande wa adui na umezibwa na ukuta. Pua inatazama ulikotoka.
2. Zungusha kichwa kielekee nyuma, kwa adui.
3. Sogea mbele polepole, kwa mshazari mdogo sana, mpaka mzinga utoke kwenye kona. Ubavu ulale karibu sambamba na barabara, usifunuke zaidi ya nyuzi 20 hivi.
4. Piga, rudi nyuma, mkia uingie tena kwenye maficho yake.

Sababu ya nyuzi 20: kombora la kawaida likikuta bamba kwa mlalo wa nyuzi 70 au zaidi linadunda lenyewe, bila kujali nguvu yake, isipokuwa pale kanuni ya mara 3 inapoingia. Ubavu wako si paa. Ni mnene wa kutosha kuishinda kanuni hiyo.

Tahadhari mbili. Kwanza, mzinga ukielekea nyuma unakutana na mgongo wa injini, hauinami hata zile nyuzi chache ulizokuwa nazo. Adui mfupi aliyekaribia sana hutampata. Pili, hii ni mbinu ya barabara moja yenye adui upande mmoja. Akitokea mtu upande wa pili wa mtaa, unamwonyesha ubavu wote kama samaki sokoni.

Jizoeze kwenye chumba cha mazoezi na rafiki mmoja. Mwambie akae mita 80 akupige, wewe utafute pembe. Nusu saa inatosha. Ukijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya kweli utagonga ukuta, utakwama, na wenzako 14 watakuandikia mambo ambayo hayafai kusomwa na watoto.

## Sekunde 30 za mwanzo

Hesabu ya kuanza mechi inapokwenda, usiende kuchukua chai. Soma orodha ya timu. Daraja la 8 unaweza kuwekwa na la 6 hadi la 10, na IS-3 ya juu ya orodha si kifaru kilekile na ya chini.

Ukiwa juu, yaani wengi ni daraja la 6 na la 7: nenda mbele, na nenda mapema. Mizinga yao mingi haina nguvu ya kuipenya pua iliyonyooka. Kukaa nyuma hapa ni dhambi, timu imekutegemea. Mwangalie tu KV-2, maana kombora lake la milimita 152 halihitaji kupenya ili liharibu siku yako.

Ukiwa na wa daraja lako: cheza kona, badilishana kombora moja kwa moja. 390 zako dhidi ya 320 zake, mara nne, na hesabu iko upande wako, mradi urudi nyuma kila unapopiga.

Ukiwa chini, orodha imejaa daraja la 10: wewe si ukuta tena. Kaa hatua moja nyuma ya mkubwa wa timu yako, mwache yeye atangulize uso. Maus wa adui akishapiga, anabaki anapakia. Hapo ndipo utokeze, piga, rudi. Makombora ya kiini kigumu yatumie hapa.

Angalia pia wapiga mizinga ya masafa marefu ni wangapi. Wakiwepo wawili au watatu, uwanja wazi si wako, na kusimama mahali pamoja zaidi ya dakika moja ni kuwapa anwani.

Ramani sitazimaliza. Himmelsdorf, Ensk na Ruinberg: ingia mjini, usisite. Malinovka na Prokhorovka: usivuke uwanja eti kwa sababu una deraya. Wawindaji vifaru waliojilaza vichakani wanakuona na wewe huwaoni. Subiri vifaru vyepesi vifanye kazi yao, wewe shika kichaka, jengo au bonde, na ujue mechi yako itaanza dakika ya tano.

## Vifaa, askari, makombora

Kwa vifaa vitatu, mpangilio wangu haujabadilika kwa muda mrefu: cha kuharakisha upakiaji, cha kutuliza mzinga, na cha mwisho ama cha kuongeza uimara wa mwili ama cha hewa safi kwa askari. Anayekushauri kifaa cha kuongeza macho kwenye IS-3 hajawahi kukicheza kwa makini. Hutakaa mahali pa kutosha kufaidi.

Askari ni wanne. Wafundishe wote ukarabati kwanza, maana mnyororo ukikatika ukiwa umetokeza nusu, kila sekunde ni kombora. Mpakiaji ajue kulinda hifadhi ya makombora. Udugu wa kikosi ufuate, lakini hakikisha wote wanne wanao.

Makombora 28 huwa nayagawa hivi: 16 ya kawaida, 9 ya kiini kigumu, 3 ya mlipuko. Yale matatu ni ya kumalizia mtu aliyebakiwa na pointi kidogo, au kumzuia anayeteka kambi. Si ya kuanzia mapambano.

Na kama ndiyo kwanza umeinunua, bado ina mzinga wa D-25T: kipigo ni kilekile lakini kupenya ni 175. Kwa daraja la 8 hiyo ni sawa na kurusha maembe. Uzoefu huru ulionao utumie hapa, kichwa na mzinga mbele ya kitu kingine chochote. Redio itasubiri.

## Mnayonibishia

"Lakini nimeona video, jamaa anakipinda na makombora yanadunda." Tazama tena. Ama anatoka kwa mkia kama nilivyoeleza, ama anakipinda wakati adui anapakia na kukinyoosha kabla hajapiga. Hilo la pili ni la watu wenye saa kichwani. Ukifika huko hutahitaji makala yangu.

"Mimi nacheza kwa simu." Toleo la simu, Blitz, ni watu 7 kwa 7, ramani ndogo, na namba zake ni nyingine. Pua ni ileile. Sehemu ya kwanza ya makala hii ichukue yote, vifaa na mgawo wa makombora uangalie humo ndani.

"Intaneti yetu haifai kwa mchezo huu." Mimi nacheza kutoka Dar kwenye seva ya Ulaya, na pingi kwangu ikishuka chini ya 160 nafurahi. Kwa kifaru chepesi kinachokimbia ungeumia. IS-3 inapiga mara moja kwa sekunde zaidi ya 10. Ucheleweshaji huo unavumilika. Kinachoua ni pingi inayoruka, sasa 170, sasa 600. Zima mipakuo ya simu zote nyumbani, na kama una waya tumia waya. Toleo jipya lipakue usiku kwa kifurushi cha usiku, si mchana wa Jumamosi kwa bando la wiki.

"Umeme ukikatika katikati?" Kifaru chako kinabaki uwanjani kimesimama. Ukirudi kabla hakijafa unaendelea. Ndiyo maana mimi nikisikia feni inabadili sauti, nakirudisha nyuma ya jengo kwanza, mengine baadaye.

"Si bora ninunue kifaru cha fedha halisi?" Fedha ni yako. Ila kifaru cha kununua hakikufundishi kona, na vifaru vizito vya Kirusi vya madaraja ya juu, kama IS-7, vina pua ya aina hiyohiyo. Usipoijua hapa, utalipia ujinga ule kwa daraja la 10, ambako ukarabati ni ghali zaidi.

## Kazi ya nyumbani

Kwenye mipangilio washa kurekodi mechi. Cheza kumi na IS-3 bila kubadili chochote isipokuwa kuinyoosha pua. Kisha chagua tatu ulizokufa mapema kuliko zote, fungua rekodi, na usimamishe picha pale kombora la kwanza lilipoingia. Usitazame nani alikupiga. Tazama pua ilikuwa inaelekea wapi, na mwili ulikuwa umenyooka au la.

Mimi bado nafanya hivyo. Jumapili iliyopita nilikufa kwenye Ruinberg nikamlaumu mtu wa timu yangu aliyeniacha peke yangu, nikaandika na maneno. Usiku nikafungua rekodi. Nilikuwa nimekipinda.